Ulimi Ukiwa Mzito, Usiseme Amelewa

Ndugu msomaji, tuseme leo alfajiri baba mwenye nyumba, mtu wa makamo, ameamka akaomba maji ya kunawa, na maneno yakamtoka mdomoni yamevurugika, ulimi mzito, midomo haikutani. Neno la kwanza litakalosemwa na jirani ni kwamba jana usiku alikunywa. Ikiwa inajulikana mtaani kwamba mzee huyo hagusi pombe ya mtama wala divai ya Dodoma, basi litafuata neno la pili, kwamba ametupiwa kitu. Na akiendelea hivyo mpaka mchana, hatakosekana mtu wa kusema apelekwe Mirembe, maana jina la hospitali hiyo ya magonjwa ya akili, ambayo imekuwapo Dodoma tangu miaka ya 1920, watu wamelifanya mzaha wa kila siku, jambo ambalo si haki kwa wagonjwa wala kwa wauguzi wake.

Hukumu zote tatu zaweza kuwa si sahihi, na wakati zinapotolewa saa zinakwenda. Huenda mzee huyo amepatwa na kiharusi, yaani mshipa wa damu katika ubongo umeziba au umepasuka. Sauti yake ndiyo iliyotangulia kutoa habari, lakini hapakuwa na sikio la kuisoma. Makala haya yanahusu watu waliojifunza kuisoma sauti ya mgonjwa, kwanza kwa masikio matupu, kisha kwa mashine. Vilevile yanahusu jambo moja ambalo nchi yetu ya kati, kwa lugha zake zilizo za pekee duniani, yaweza kuwafundisha wataalamu hao.

PUMZI NA ULIMI

Sauti ya mwanadamu huanzia mapafuni. Pumzi hupanda mpaka kwenye kongomeo, kile kinundu kinachoonekana shingoni mwa wanaume, na hapo hukuta nyuzi mbili laini ambazo hufunguka na kufungana upesi mno. Kwa mwanamume mtu mzima hufanya hivyo kiasi cha mara 100 hadi 130 katika sekunde moja. Kwa mwanamke ni mara 200 hivi. Kwa mtoto mdogo huzidi 250. Mngurumo huo peke yake si neno. Huwa neno pale ulimi, midomo, taya na kaakaa laini vinapoufinyanga, na mtu azungumzapo kwa kawaida hufinyanga silabi nne au tano kila sekunde. Misuli yote inayofanya kazi hiyo huamrishwa na ubongo kupitia mishipa ya fahamu, na amri zapaswa kufika kwa zamu na kwa wakati wake. Hakuna kazi nyingi za mwili zinazodai usahihi wa namna hiyo, nasi tunaifanya huku tunamenya viazi.

Kwa hiyo ubongo ukipata dosari, hata ndogo, usemi ni mmoja wa mashahidi wa mwanzo. Na ushahidi wake hutofautiana. Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa wa Paris ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, "tan", ijapokuwa alikuwa akielewa aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliukagua ubongo wake akakuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mgonjwa wa namna hiyo hana tatizo la ulimi. Lililoharibika ni ghala la kutengenezea maneno. Mwingine ana maneno yote kichwani, sarufi yake ni timamu, lakini misuli haitii. Ndugu wa nyumbani huwachanganya wagonjwa hawa wawili kila siku. Wa pili waweza kumpa kalamu akaandika anachotaka. Wa kwanza mara nyingi kalamu nayo haimsaidii.

Mwaka 1969 wataalamu watatu wa zahanati mashuhuri ya Mayo, Marekani, yaani Darley, Aronson na Brown, walifanya kazi ambayo mpaka leo wanafunzi wa tiba ya usemi huisoma. Walichukua kanda za sauti za wagonjwa 212 wa makundi saba ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, wakaketi kuzisikiliza tena na tena, wakitoa alama kwa mambo 38: je, sauti ni kavu, yapita puani, maneno yanakokotwa, yanakimbizana, sauti yapanda na kushuka au imelala? Wakaona kwamba kila kundi lina mwendo wake. Ambao ubongo wao wa nyuma, ule unaosimamia mizani ya mwili, umeathirika, huongea kwa kuyumba, silabi moja kwa kishindo na nyingine kwa kunyong'onyea. Pombe nayo huivuruga sehemu hiyo hiyo ya ubongo. Ndiyo kusema jirani yetu wa alfajiri masikio yake hayakumdanganya sana. Sauti ya mgonjwa na ya mlevi zinaweza kufanana kweli. Kosa lilikuwa katika hukumu.

MASHINE INAPOSIKILIZA

Sikio zuri ni mali, ila masikio ya watu wawili hayatoi alama sawa, na sikio huchoka. Tangu miaka ya 1940, wahandisi wa maabara ya Bell huko Marekani walikuwa wametengeneza chombo cha kuigeuza sauti kuwa picha katika karatasi, wakati ukienda kulia, sauti nyembamba zikiwa juu na nene chini, na weusi wa mistari ukionyesha nguvu. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta yoyote ya mezani. Mtaalamu hupima vitu ambavyo sikio haliwezi kuvihesabu. Mathalan, nyuzi za sauti hazipigi kwa vipindi vilivyo sawa kabisa. Kati ya pigo moja na jingine hupita tofauti ndogo. Kwa mtu mzima wa afya anayetamka "aaa" kwa kuivuta, tofauti hiyo kwa kawaida haifiki hata sehemu moja katika mia. Ikizidi, kuna neno. Hupimwa pia mtetereko wa nguvu ya sauti, na kiasi cha pumzi inayovuja bila kugeuka sauti.

Jaribio jingine ni jepesi hata mtoto hulifurahia: mgonjwa huambiwa atamke "pa-ta-ka, pa-ta-ka" upesi awezavyo kwa pumzi moja. "Pa" hupima midomo, "ta" hupima ncha ya ulimi, "ka" hupima nyuma ya ulimi. Mtu wa afya hutoa silabi tano hadi saba kwa sekunde. Mgonjwa hukwama mahali fulani, na mahali hapo panasema kitu.

Ugonjwa uliochunguzwa zaidi kwa njia hii ni ule wa kutetemeka uliopewa jina la James Parkinson, tabibu wa London aliyeuandikia kitabu mwaka 1817. Humjia mtu polepole, mara nyingi akiwa amepita miaka 60, kwa sababu chembe fulani za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini zinakufa. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, hatua hufupika, uso hukosa tabasamu, na sauti hufifia. Jeri Logemann na wenzake, Wamarekani, waliwachunguza wagonjwa 200 mwaka 1978 wakakuta karibu tisa katika kila kumi wana kasoro ya sauti. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui. Yeye hudhani mkewe ameanza kuwa kiziwi.

WALE WA HAI

Tusidhani kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Catherine Dotchin na Richard Walker, madaktari kutoka Uingereza, pamoja na wenzao wa Tanzania, waliizunguka Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, yenye watu 161,071 katika eneo la utafiti wao, wakiwatafuta wagonjwa wa Parkinson nyumba kwa nyumba. Walipata 33, yaani kama 20 kwa kila watu 100,000. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2008. La kuhuzunisha ni kwamba zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao walikuwa hawajapata kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakiitwa wazee tu, na baadhi hawakuwa wazee sana. Dawa iko, iitwayo levodopa, nayo huurudishia mwili mwendo kwa miaka kadhaa ingawa haiponyi. (Mbegu za upupu, ule ule unaowawasha watoto porini, zina levodopa ndani yake. Wala usikimbilie kuzitafuna: kipimo chake hakijulikani kwa macho, na zikizidi zinadhuru.)

Hapo ndipo sauti ilipowatia watafiti matumaini makubwa. Kama mgonjwa anajitambulisha kwa sauti, na simu zimefika vijijini, kwa nini asipigiwe simu badala ya kuzungukiwa nyumba kwa nyumba? Mwanahisabati Mwingereza, Max Little, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 2009 uchambuzi wa sauti za watu 31, miongoni mwao 23 wakiwa wagonjwa, na kompyuta yake ikawatenga wagonjwa na wazima kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2012 kundi lililomhusisha yeye na Athanasios Tsanas lilifikia kama asilimia 99, kwa sauti zilizorekodiwa katika chumba kimya kwa vyombo bora. Magazeti ya ulimwengu yaliandika kwa herufi kubwa. Mwaka huo huo wananchi wa nchi kadhaa waliombwa wapige simu na kusema "aaa".

Maelfu waliitikia. Lakini matokeo ya simu hizo, yaliyotolewa mwaka 2019 kutokana na sauti za wagonjwa 1,483 na watu wazima wa afya 8,300 katika nchi saba, wote wasemaji wa Kiingereza, yalishusha pumzi. Kompyuta iliwatambua wagonjwa 65 tu katika kila 100, na iliwaacha kwa amani wazima 68 katika kila 100. Simu hukata sehemu ya sauti, nyumbani kuna kuku na redio, na mtu mwenye mafua naye ana mtetereko wake.

Sasa, ndugu msomaji, chukua kalamu tuhesabu pamoja. Tuseme tuna mji wa watu 100,000 wenye hali kama ile ya Hai, wagonjwa 20. Tukiwapima wote kwa simu ya namna hiyo, tutawapata wagonjwa 13 na kuwakosa 7. Lakini katika wale wengine 99,980 ambao ni wazima, 32 kati ya kila 100 wataambiwa wana dalili. Hao ni watu 32,000! Watu elfu thelathini na mbili wasiolala usiku, wakipanga foleni kwa madaktari wa ubongo ambao nchi nzima ni wa kuhesabika, ili 13 wapatikane. Mimi naona hesabu hii ndiyo habari kubwa kuliko ile asilimia 99, na ni ajabu kwamba haikuandikwa kwa herufi kubwa. Anayekuja kutuuzia chombo cha namna hiyo kwa ajili ya zahanati zetu, na aulizwe hesabu hii kwanza.

Hata hivyo si kwamba kazi ile ni bure. Kipimo kinachoshindwa kuchuja mji mzima kinaweza kufaa sana kumfuatilia mgonjwa mmoja aliyekwisha julikana: sauti yake ya mwezi huu ilinganishwe na yake mwenyewe ya mwezi uliopita, ionekane kama dawa inafanya kazi. Hapo mtu ni mizani ya nafsi yake, wala halinganishwi na mgeni wa London.

SAUTI ZA KWA MTORO

Na hili la mgeni wa London latuleta kwetu. Ukitoka Dodoma mjini kuelekea kaskazini mpaka Wilaya ya Chemba, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kondoa, ukakata kwenda magharibi hadi Kwa Mtoro na Farkwa, utawasikia Wasandawe wakizungumza lugha yao. Ni mojawapo ya lugha chache mno za Afrika Mashariki zenye vidoko, yaani zile sauti za kugonga ulimi ambazo sisi wengine huzitumia kusikitika au kumhimiza punda. Kwa Msandawe ni konsonanti halisi za maneno, kama "b" na "t" zilivyo kwetu. Lugha yao ina namna tatu za kidoko: cha menoni, cha kwenye ufizi na cha pembeni mwa ulimi, na kila kimoja chaweza kutamkwa kwa njia tano, hivi kwamba jumla yake ni 15. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao wana vidoko vyao.

Mwaka 1995 Richard Wright, Ian Maddieson, Peter Ladefoged na Bonny Sands, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha uchunguzi wa vidoko vya Kisandawe kwa vipimo vya mashine. Ladefoged, aliyefariki mwaka 2006, alikuwa mtu aliyeamini kwamba elimu ya matamshi haimaliziki ndani ya maabara. Sharti chombo kibebwe hadi kwa wenye lugha. Kwa kidoko ulimi huziba mahali pawili kwa pamoja, mbele na nyuma, kisha hunyonya, kisha huachia mbele kwa kishindo. Waligundua hata kwamba katika kidoko cha ufizi, mara nyingine ulimi huanguka kwa nguvu ukapiga sakafu ya kinywa, na kofi hilo husikika kuliko kidoko chenyewe.

Fikiri sasa daktari ana kompyuta iliyofundishwa kwa wagonjwa wa Kiingereza, na mbele yake ameketi bibi wa Kisandawe. Vishindo vile mashine itavichukua kuwa kelele, au ulegevu wa misuli, ilhali ni ushahidi wa ulimi hodari kupita kiasi. Na kinyume chake: bibi huyo akianza kupoteza nguvu za ulimi, vidoko ndivyo pengine vingetoa dalili mapema, kwa kuwa vinadai kazi mbili kwa mara moja, lakini jaribio la "pa-ta-ka" halivigusi kabisa. Kisandawe vilevile hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Ugonjwa wa Parkinson hulaza sauti. Kwa Mwingereza, sauti iliyolala yamfanya aonekane hana furaha. Kwa Msandawe yaweza kumwondolea maana ya neno. Hata sisi wa Kiswahili hatukunusurika: jaribu kusema "barabara" ya magari na "barabara" ya sawasawa bila kuweka mkazo popote, uone kama atakuelewa mwenzio.

Kanuni hii imekwisha zingatiwa karibu na kwetu. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, Julie Carter, mtaalamu wa tiba ya usemi, na wenzake waliwachunguza watoto walionusurika malaria kali iliyopanda kichwani au iliyoandamana na degedege zito. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba karibu robo ya watoto hao walibaki na upungufu fulani, wa usemi, kumbukumbu au mambo mengine ya akili, miaka kadhaa baada ya homa kwisha. Miongoni mwa watoto wasiougua hivyo walikuwa kumi tu katika mia. Kazi ile isingewezekana kwa vitabu vya picha kutoka Ulaya vyenye theluji na treni za chini ya ardhi. Ilibidi majaribio yatungwe upya kwa lugha na maisha ya watoto wa pale. Mzazi ambaye mtoto wake aliugua malaria kali, kisha akachelewa kusema au akaanza kukosa maneno, asiridhike kuambiwa kwamba atakua nayo.

Dodoma ina nafasi yake katika jambo hili. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007 penye Ukumbi wa Chimwaga, ambao wengi tunaukumbuka kwa mikutano ya Chama, kina waalimu wa tiba, wa lugha na wa kompyuta katika eneo moja, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyozinduliwa mwaka 2015 iko jirani yao. Madaktari wa chuo hicho wamekwisha anza kuwafuatilia wagonjwa wa kiharusi wanaolazwa katika hospitali kubwa za mji huo. Mtaalamu wa vidoko, daktari wa ubongo na fundi wa kompyuta wanaweza kukutana kwa chai bila kupanda basi.

SAA NGAPI?

Turudi kwa kiharusi, kwa maana ndicho kinachowapata wafanyakazi wa mijini. Katika utafiti ulioongozwa na yule yule Richard Walker kati ya mwaka 2003 na 2006, na kutangazwa mwaka 2010, watu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza kila mwaka, baada ya kusawazisha tofauti za umri, walikuwa kama 109 kwa kila 100,000 huko Hai, shamba. Katika eneo la Dar es Salaam walikuwa 316, karibu mara tatu. Shinikizo kubwa la damu ndilo adui mkuu, nalo haliumi. Kulipima ni kazi ya dakika chache katika kituo chochote cha afya.

Na siku ulimi wa mwenzio utakapokuwa mzito ghafla, mtazame usoni na umwambie atabasamu. Angalia kama mdomo umekwenda upande. Mwambie ainue mikono yote miwili. Angalia kama mmoja unaanguka. Mwambie aseme sentensi moja anayoijua vyema, jina lake na la kijiji chake. Jambo moja tu katika hayo likiwa si la kawaida, tafuta gari. Usimpe chakula wala maji, kwani misuli ya kumeza huenda imelegea pamoja na ile ya kusema, akapaliwa. Usimpe aspirini, maana bila picha ya ubongo hapana ajuaye kama mshipa umeziba au unavuja, na dawa inayofaa kwa kimoja yaweza kuua kwa kingine. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali ilipo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu. Kwa mtu wa Kongwa au Manyoni saa hizo ni chache, nusu yake yaweza kuishia njiani.

Daktari atakapokupokea, hatauliza kwanza mgonjwa alikula nini au aligombana na nani. Atauliza: mara ya mwisho alipozungumza vizuri ilikuwa saa ngapi? Jibu la "tangu jana jana hivi" humfunga mikono. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani, aulizwe yule aliyemsikia mwisho, awe mtoto au msaidizi wa kazi, na saa hiyo iandikwe katika karatasi itakayokwenda naye.